Kitu Hiki Kimetoka kwa Nani? Majibu kwa Wakusanyaji wa Sanaa za Jadi

Barua za safari hii zimetoka Mbagala, Maskati, Nairobi, Tanga, Mtwara na hata Hamburg, na ingawa kila msomaji ameuliza lake, karibu zote zina swali moja ndani yake: kitu kilicho mbele yangu kina umri gani, na kilifikaje hapa? Sikuzijibu kwa urefu ulio sawa, maana moja ilihitaji sentensi chache tu na nyingine ilininyima usingizi.

SWALI: Shikamoo, mzee. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mwenye umri wa miaka 27. Tangu nilipopewa kidoli cha mbao cha Kirusi, kile kinachofunguka na kutoa vingine vidogo ndani yake, nimepata hamu ya kukusanya sanaa za jadi za zamani za nchi mbalimbali. Mshahara wangu si mkubwa. Nianzie wapi, na kitu kinatakiwa kiwe na miaka mingapi ndipo kiitwe cha kale? (Mwalimu, Mbagala)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo jepesi. Forodha ya Marekani hukihesabu kitu kuwa cha kale kikishapita miaka 100, na wafanyabiashara wengi duniani wamekifuata kipimo hicho. Kilicho chini ya hapo, kiwe cha miaka 40 au 80, huitwa cha zamani tu. Katika sanaa za jadi, hata hivyo, mimi sikipi kipimo hicho uzito mkubwa, kwa sababu vitu vya watu wa kawaida vilitengenezwa ili vitumike, na vinavyotumika huisha. Sinia ya shaba iliyokaa kabatini miaka 120 bila kuguswa utaipata kwa urahisi kuliko kawa la ukili lililofunika wali kila adhuhuri kwa miaka 50 na likabaki zima.

Kidoli chako, ambacho Warusi hukiita matryoshka, kinafundisha jambo la kwanza ambalo kila mkusanyaji hulipia karo yake. Watu wengi hudhani ni mila ya tangu enzi za kale, ilhali cha kwanza kilichongwa katika miaka ya 1890 tu, na baada ya kuonyeshwa katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900 ndipo kilipoenea duniani. Kwa hiyo atakayekuuzia matryoshka ya mwaka 1850 anakuuzia hadithi. Kigeuze chako na usome kilichoandikwa chini. Kikiwa na herufi CCCP, ambazo ni kifupi cha Umoja wa Kisovieti, basi kilitengenezwa kati ya 1922 na 1991. Majina ya nchi ni mashahidi wazuri kuliko wauzaji: kinyago chenye lebo ya Zaire ni cha kati ya 1971 na 1997; kikapu chenye lebo ya Tanganyika yaelekea kilipewa lebo hiyo kabla ya Muungano wa 1964; na kikombe cha Kijapani kilichopigwa muhuri unaosema kimetengenezwa katika Japani iliyokaliwa ni cha miaka michache iliyofuata vita, yaani hadi 1952.

Kuhusu mahali pa kuanzia, nakushauri uchague aina moja tu ya kitu, kisha uifuatilie katika nchi nyingi badala ya kununua kila kinachong'aa. Alexander Girard, mbunifu maarufu wa Marekani, alikusanya pamoja na mkewe vidoli, vinyago vidogo vya udongo, wanyama wa mbao na nyumba za kuchezea kutoka pande zote za dunia, na mwaka 1978 wakavitoa, zaidi ya vitu 100,000, kwa jumba la makumbusho ya sanaa za jadi za kimataifa lililopo Santa Fe, New Mexico. Idadi hiyo isikutishe. Linaloshangaza katika mkusanyo wao ni kwamba sehemu kubwa ni vitu vya watoto na vya wachuuzi wa sokoni vilivyouzwa kwa senti. Mjapani Yanagi Soetsu, ambaye mwaka 1925 pamoja na rafiki zake wafinyanzi aliunda neno mingei kwa maana ya ufundi wa watu, na mwaka 1936 akafungua makumbusho yake Tokyo, alikwenda mbali zaidi: alishikilia kwamba uzuri wa kweli umo katika bakuli la kulia wali lililofinyangwa na mtu ambaye hakuweka jina lake. Nilipofahamu fikra zake kwa mara ya kwanza nilicheka, kwa sababu nilikuwa nimekalia mbuzi ya kukunia nazi ya marehemu mama yangu, yenye miguu iliyonakshiwa na fundi ambaye hakuna aliyemkumbuka, na kwa miaka 20 nilikuwa nikitafuta sanaa madukani.

Basi anza na jikoni za jamaa zako: mbuzi, kata, kiteo, mwiko wenye nakshi. Ukishavijua hivyo kwa mkono, utaweza kukitambua kijiko cha mbao cha Uswidi au cha Romania kilichotumika kweli, kwa sababu mkono wa mtu huchakaza mbao kwa namna ileile kila mahali. Na kabla hujanunua chochote, nunua daftari. Andika kila kitu kimetoka kwa nani, lini, wapi, kwa bei gani, na aliyekupa alisema nini, hata kama unaona anakudanganya.

SWALI: Assalaam alaykum. Nimezaliwa Unguja na sasa ninaishi Maskati. Marehemu ami yangu aliniachia kasha la mbao lenye misumari ya shaba, ambalo hapa huitwa mandusi, na alikuwa akisema liliondoka Unguja kabla ya Mapinduzi. Seremala mmoja ameniambia ni jipya. Pia nina picha ya Kihindi ya mtindo wa Madhubani iliyochorwa kwenye karatasi, ambayo muuzaji aliniapia kuwa ni ya mwaka 1920. Nimwamini nani? (Msomaji, Maskati)

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Kuhusu picha, usimwamini muuzaji. Wanawake wa Mithila, katika jimbo la Bihar, wamechora picha hizo kwa vizazi vingi, lakini walizichora kwenye kuta na sakafu za nyumba zao, hasa chumba cha maharusi. Zilihamia kwenye karatasi kwa ajili ya kuuzwa baada ya ukame wa 1966 na 1967, pale Bodi ya Kazi za Mikono ya India ilipowagawia wanawake karatasi ili wapate kipato. Picha ya kuuza iliyochorwa kwenye karatasi mwaka 1920 ingekuwa imeitangulia biashara yenyewe kwa zaidi ya miaka 40. Hilo halimaanishi kuwa picha yako haina thamani. Ikiwa ni ya mwisho wa miaka ya 1960 au mwanzo wa 1970, umepata kazi ya kizazi cha kwanza kilichotoka ukutani, na hiyo ni bora kuliko uongo uliouziwa.

Kasha ni jambo gumu zaidi, nami nina aibu ya kulisimulia. Miaka mingi iliyopita nilinunua kasha katika duka moja la Mji Mkongwe, nikalipakia kwenye boti kwa fahari, na nilipolifungua nyumbani ili kulipangusa nikaona kwamba bawaba zake zilikuwa zimefungwa kwa skrubu za nyota. Skrubu za aina hiyo zilianza kutumika katika miaka ya 1930, na kasha langu lilikuwa limeuzwa kama la zama za Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar aliyefariki mwaka 1888. Kweli, fundi anaweza kubadili bawaba za kasha la kale; lakini mbao za ndani nazo zilikuwa na rangi moja kila mahali, kama chai iliyomwagwa, na hapo sikuwa na la kujitetea.

Makasha ya namna hii yaliletwa mengi kwa majahazi kutoka India na Ghuba, na wachuuzi hadi leo huyataja kwa majina ya Surat, Bombay na Shirazi, ingawa mengine yaliundwa au kurekebishwa papa hapa pwani. Litazame lako mchana, ukiwa na tochi. Toa vile visanduku vidogo vya chini na utazame mgongo wake: katika kasha la kale mbao ya ndani, ambayo haikufikiwa na mafuta wala jua, huwa na rangi tofauti na ya nje, na alama za randa ya mkono huhisika kwa kidole hata kama hazionekani. Angalia vichwa vya misumari ya shaba. Iliyofuliwa kwa mkono hailingani, na mingine itakuwa imeng'oka na kuacha kivuli chake kwenye mbao, ilhali ya kiwandani hufanana kama punje za mchele wa dukani. Pinduka hadi chini kabisa, kwenye miguu, maana huko ndiko sakafu, maji ya kudekia na mende huandika historia, na ni vigumu kwa mghushi kuiga kila pembe. Halafu mtafute mtu wa rika la ami yako anayekumbuka kasha hilo lilikaa chumba gani, mjini au shamba. Seremala anaweza kuwa ameona bawaba mpya akahukumu kasha zima.

SWALI: Habari za kazi, mzee wetu. Dalali mmoja wa Malindi amenitumia picha za kigango cha Kigiriama, akisema kimeokotwa kwenye boma lililohamwa na hakina mwenyewe. Bei si kubwa. Nitawezaje kujua kama ni halisi kabla sijalipa? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Ndugu yangu, hofu yangu ni kwamba ni halisi.

Kigango ni nguzo ya mbao ngumu, mara nyingi ya mhuhu ambao mchwa hauwezi, yenye kichwa, aghalabu cha duara, na mwili bapa uliochorongwa pembetatu ndogo ndogo zilizopangwa kwa safu. Husimamishwa kwa ajili ya mwanamume aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima na uwezo miongoni mwa Wagiriama na baadhi ya jamaa zao wa Mijikenda. Hakiwekwi siku ya mazishi. Jamaa husubiri hadi marehemu mwenyewe akidai, kwa kuwajia ndotoni au kwa ugonjwa na mikosi ambayo mganga huitambua kuwa ni malalamiko yake. Ndipo fundi huitwa, mnyama huchinjwa, tembo la mnazi humiminwa, na mzee hupata mahali pa kukaa. Kikishasimama hakipaswi kung'olewa. Wenyeji wanapohama kufuata ardhi yenye rutuba hukiacha palepale, na kikioza, kioze. Hivyo dalali anaposema kimeachwa anasema kweli nusu: kimeachwa kama kaburi linavyoachwa, na hakuna anayeokota jiwe la kaburi la baba wa mtu kwa kuwa watoto wake wamehamia mjini.

Biashara hii ilipamba moto kuanzia miaka ya 1970, watalii walipoongezeka pwani na wauzaji wa Marekani walipogundua kwamba nguzo hizo hufanana na sanaa ya kisasa waliyozoea kuitundika kumbini. Vijana waliokosa kazi walizing'oa usiku, madalali wakazinunua kwa pesa kidogo, na mamia yakaishia katika nyumba za matajiri na makumbusho ng'ambo. Kisa kinachonisumbua ni cha mwaka 1985. Mtafiti wa Marekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa Kimijikenda akiwa amesimama kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake marehemu. Aliporudi kumletea picha, vigango vilikuwa vimekwisha kuibwa, na mzee akamwomba amsaidie kuvitafuta. Ilimchukua hadi 1999, katika mkutano wa wataalamu wa Afrika, kukiona kimoja kwenye picha zilizoonyeshwa na mtafiti mwenzake, Linda Giles: kilikuwa katika jumba la makumbusho la Illinois. Cha pili kilikutwa katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Vyote viwili vilikuwa vimerudi Kenya kufikia 2007, lakini mzee mwenyewe alikuwa amekwisha kufa. Baadaye makumbusho ya mambo ya asili ya Denver yaliamua mwaka 2014 kurudisha vigango 30 kwa pamoja, na mwaka 2023 makumbusho ya Illinois yakakabidhi vingine 37 kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Tazama kilichowezesha kile kimoja kutambuliwa: picha. Kama mtafiti asingebonyeza kamera siku ile, pengine kigango hicho kingekuwa hadi leo ni mbao nzuri isiyo na jina katika ghala la watu. Hali ilikuwa hiyohiyo kwa kinyago cha Kimakonde kilichoibwa mwaka 1984 kutoka Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam, kikanunuliwa mwaka uliofuata na makumbusho moja ya Geneva, na kikarejeshwa Tanzania mwaka 2010 baada ya mazungumzo marefu. Kumbukumbu za makumbusho ndizo zilizokitetea. Kwa sababu hiyo, ukishika kinyago chochote cha kale na ukaona ndani yake namba iliyoandikwa kwa wino, au mahali palipokwanguliwa ambapo namba ingekuwa, kirudishe mezani na uondoke.

Kisheria pia hujasimama mahali pazuri. Kenya ina Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006, na kusafirisha vitu vya kale nje ya nchi bila kibali ni kosa. Milango na miimo iliyonakshiwa kwa mitindo ya Kiafrika au ya Mashariki kabla ya 1946 imetajwa waziwazi kuwa ni vitu vinavyolindwa. Tanzania Bara ina sheria yake ya mambo ya kale ya mwaka 1964, ambayo kwa milango huhesabu kabla ya 1940. Ninazitaja hapa kwa ajili ya wasomaji watatu walioniandikia kuhusu milango ya Lamu na Bagamoyo, ambao sasa wamejibiwa.

Kwako wewe: usilipe, usimtishe dalali, hifadhi picha alizokutumia pamoja na tarehe, na uzipeleke Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ama makao makuu hapo Nairobi au ofisi zao za pwani. Inawezekana familia fulani huko Kilifi inakitafuta.

SWALI: Hujambo, kaka. Bibi yetu alipofariki tulikuta kanga 31 katika sanduku lake. Baadhi hazina maandishi, mbili zina herufi za Kiarabu, moja ina picha ya mwenge na jina la TANU, na nyingine bado ni doti ambazo hazijakatwa. Ndugu zangu wanataka tugawane tuvae. Mimi naona ni hazina, lakini sijui nieleze vipi. (Mama Zuhura, Tanga)

JIBU: Sijambo, dada, na poleni kwa msiba. Una haki, na ndugu zako nao hawana kosa, maana kanga ilitengenezwa ivaliwe.

Asili yake ni vitambaa vya leso vya Kireno, ambavyo wanawake wa pwani katika karne ya 19 walivinunua kwa mita kabla havijakatwa, wakaviunga viwe vazi moja. Ndiyo maana Mombasa hadi leo wengi husema leso. Wafanyabiashara walipoona mtindo huo wakaanza kuagiza vitambaa vilivyopigwa chapa vikiwa vizima, vyenye pindo pande zote na mji katikati. Kanga za mwanzo hazikuwa na jina. Maandishi huhusishwa na Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kama Abdulla, ambaye duka lake Mombasa lilianza mwaka 1887 na ambaye alama yake ya K.H.E. Mali ya Abdulla bado huonekana kwenye kanga nyingi. Majina ya kwanza yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha herufi za Kirumi zikachukua nafasi kadiri watu walivyosomea shule za serikali. Hivyo zile mbili za bibi yenu zenye herufi za Kiarabu ndizo za kushika kwa mikono miwili. Zisizo na maandishi zinahitaji tahadhari zaidi, kwa sababu huenda ni za kale sana au ni kisutu, kanga ya harusi ya nyekundu, nyeusi na nyeupe ambayo imeendelea kuchapwa kwa sura ileile kwa miaka mingi.

Ile ya TANU haiwezi kuwa ya baada ya 5 Februari 1977, siku TANU na ASP zilipoungana kuwa CCM. Nyingine zisome kwenye ukingo: zilizochapwa Urafiki, Dar es Salaam, haziwezi kuwa za kabla ya 1968, mwaka kiwanda kilipofunguliwa, na kabla ya hapo kanga zililetwa kutoka Uingereza, Uholanzi, India na Japani, ambako wachapaji hawakujua Kiswahili na mara nyingine walikosea herufi. Kanga yenye jina lililokosewa usiione kasoro, wakusanyaji hugombania.

Doti zisikatwe. Doti nzima ya zamani ni nadra kwa sababu iliyo wazi: mwenye kuinunua aliinunua ili akate, apinde, avae moja na ya pili ajitande. Kama bibi aliziacha nzima, aliziweka kwa ajili ya jambo au mtu. Wazee wa mtaani huenda wanajua.

Kuhusu kugawana, ningefanya hivi. Tandazeni zote mkekani siku moja yenye mwanga, mpige picha kila moja pamoja na jina lake, na kila mwanandugu aseme anachokumbuka: hii alivaa arusi ya fulani, hii aliletewa na mumewe akiwa baharia, hii alimjibia jirani. Hili la mwisho lisidharauliwe, kwani kanga ni barua, na barua isiyojulikana iliandikiwa nani hupungua nusu ya maana. Baada ya hapo, zilizo nyingi na za karibuni mgawane mvae. Zile chache za kale zikae pamoja kwa mmoja wenu. Zisifuliwe kwa sabuni ya unga wala zisianikwe juani. Kama zina vumbi, zipepewe kivulini. Zizungushwe kwenye bomba la karatasi ngumu lililovikwa shuka jeupe la pamba lililokwisha fuliwa mara nyingi, kwa sababu mkunjo ukikaa mahali pamoja miaka mingi hukata nyuzi, na gazeti huachia asidi inayogeuza kitambaa kuwa cha njano. Harufu ya udi iliyomo, iacheni.

SWALI: Kigoda cha babu kinatoa unga chini yake kila asubuhi. Jirani anasema nimwagie mafuta ya taa. (Msomaji, Mtwara)

JIBU: Usimwagie. Mafuta ya taa huacha doa na harufu, hukaribisha moto, na hayawafikii mabuu waliomo ndani ya mbao. Kwanza hakikisha wadudu wangali hai: kung'uta kigoda, kiweke juu ya karatasi nyeusi, na kama baada ya wiki kuna unga mpya mweupe karibu na matundu, bado wanabungua. Kifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, kiweke ndani ya friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa muda wa wiki mbili, kisha kitoe na ukiache ndani ya mfuko huohuo kwa siku nzima hadi kirejee joto la kawaida, ili umande ushike plastiki na si mbao. Muuza samaki yeyote mwenye friza kubwa atakusaidia ukimweleza vizuri. Njia hii ni ya mbao tupu. Kama una lipiko, yaani kinyago cha ngoma cha Wamakonde, au kinyago kingine chenye nta, nywele au rangi, usikigandishe. Kiweke mbali na vingine na uwaulize watu wa makumbusho.

SWALI: Mzee, shikamoo. Katika soko la vitu vya zamani hapa Hamburg nimenunua picha ya chui iliyosainiwa E. S. Tingatinga. Pia nataka shangazi yangu wa Dar es Salaam anitumie sanamu za mpingo za miaka ya 1970 alizoachiwa na mumewe. Je, picha ni ya kweli, na sanamu zitapita forodhani? (Msomaji, Hamburg)

JIBU: Marahaba. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na akauawa mwaka 1972, alipopigwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Alifanya kazi kwa takriban miaka minne tu, na ukizihesabu picha zote zenye saini yake zilizopo sokoni Ulaya utadhani alikuwa na mikono kumi. Wanafunzi wake waliendelea, chama cha ushirika kikaundwa, mtindo ukapewa jina lake, na wengine waliona hakuna ubaya kuandika jina la mwalimu kwenye kazi ya mwanafunzi.

Igeuze picha kabla ya kumtazama chui wake. Yeye alichora kwenye ubao mgumu wa vumbi la mbao ulioshindiliwa, ule wa dari, uliokatwa vipande vya mraba vya karibu sentimita 60, kwa rangi za mafuta zing'aazo za kupakia baiskeli na milango. Picha iliyo kwenye turubai ya kukunjwa ni ya baadaye, watalii walipotaka kitu cha kuingia begini. Upande wa nyuma wa ubao wa miaka 50 huwa umeiva rangi ya kahawia, na pembe zake zimebomokabomoka. Halafu rudi mbele: kazi zake mara nyingi zina mnyama mmoja mkubwa juu ya uwanja mtupu wa rangi moja au mbili, bila msitu wa majani na ndege unaojaza picha za leo. Chui wako akiwa amezungukwa na twiga wanane, mpende kwa alivyo lakini usimkatie bima. Hata vipimo vyote vikikubali, saini pekee haitoshi. Tafuta risiti, barua au picha ya ukutani ya familia ya Kijerumani iliyoishi Dar es Salaam miaka hiyo, kwa maana wateja wake wengi walikuwa wageni wa Oysterbay, na Hamburg si ajabu kumpata mjukuu wao.

Sanamu zina habari njema zaidi. Mpingo ni wa jenasi ya Dalbergia, ambayo tangu Januari 2017 imo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kwa miaka miwili mitatu ya kwanza wachongaji wetu walihangaika sana kwa vibali. Masharti yalilegezwa mwishoni mwa 2019: vitu vilivyokwisha kutengenezwa ambavyo mbao yake haizidi kilo 10 kwa shehena moja havihitaji kibali hicho. Mpingo ni mzito kuliko udhaniavyo, na mti wa ujamaa wenye watu 20 waliobebana unaweza kuvuka kiwango hicho peke yake. Mwambie shangazi azipime moja moja, azitume kwa shehena ndogo, na aambatishe barua inayoeleza mumewe alizinunua lini na kwa nani. Achunguze pia kama kuna sanamu yenye meno au vipuli vya pembe. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku na uamuzi wa 1989, na kipande kidogo cha pembe kwenye sikio la sanamu kinaweza kuzuia sanduku zima. Kama kipo, sanamu hiyo ibaki kwa shangazi.